Axios ni nzito kwa mtandao wa milimani? Natafuta laibrari nyepesi ya kutuma maombi ya HTTP

#1 Kreti Sita (Tukuyu)

Wakuu, habari za saa hizi.

Nina mfumo mdogo wa mapokezi ya parachichi. Karani anakaa na mizani kituoni, mkulima anashusha kreti, karani anaandika namba ya mkulima na kilo kwenye ukurasa wa simu, anabonyeza Hifadhi. Upande wa mbele ni Vue, maombi yote yanapita kwenye axios (laibrari ya JavaScript ya kutuma maombi kwa seva), nyuma kuna Node na hifadhidata ya PostgreSQL kwenye seva ya kukodi iliyoko Ulaya.

Mbeya mjini na hapa Tukuyu mambo yanakwenda. Shida ni vituo vya mabondeni, hasa Kandete, wilaya ya Busokelo. Kule kiduara kinazunguka mpaka karani anachoka, halafu jioni nikifungua orodha nakuta mzigo mmoja umeingia mara mbili. Jana mkulima mmoja alionekana ana kilo 86.5, na chini yake tena kilo 86.5, zimepishana sekunde 41.

Ninavyoona mimi, axios ni nzito kwa mtandao ule. Nataka kuing'oa niweke kitu chepesi. Nimeona ky, redaxios, wretch, unfetch, na wengine wanasema fetch tupu inatosha. Aliyewahi kutumia mojawapo kwenye 2G au 3G ya kusuasua anipe uzoefu. Malipo ni Ijumaa, na sitaki mkulima yeyote akatwe kilo zake kwa sababu ya programu yangu.

#2 Kijana wa Mwanjelwa

Fetch tupu mkuu, usihangaike. Ipo ndani ya brauza, hushushi chochote. Weka try na catch (sehemu ya kukamata makosa), seva ikirudisha 500, yaani kosa la seva, utaikamata kwenye catch, unamwonyesha karani ujumbe mwekundu. Mimi niliacha laibrari zote za maombi tangu Node 18 ilipoanza kuja na fetch yake mwaka 2022. Unaandika mtindo mmoja mbele na nyuma.

#3 Seva Imelala (Iringa)

#2 hapo kwenye 500 umeteleza, na niliseme mapema kabla mleta uzi hajalipeleka Kandete. Fetch haiendi kwenye catch kwa sababu ya 404 wala 500. Inaenda kule pale tu ombi liliposhindwa kabisa, yaani mtandao umekatika, jina la seva halijapatikana, au brauza imezuia. Seva ikijibu 500, kwa fetch hilo ni jibu kama majibu mengine. Ni wewe unayepaswa kukagua:

if (!jibu.ok) throw new Error('Seva imekataa: ' + jibu.status)

Axios inalifanya hilo yenyewe, chochote kilicho nje ya mia mbili hadi 299 ni kosa. Ky pia. Sasa fikiria karani anaona "Imehifadhiwa" wakati seva imeshindwa kuandika. Mzigo ulioingia mara mbili unaonekana na unafutika. Mzigo ambao haukuingia kabisa hakuna atakayeujua ila mkulima mwenyewe, siku ya malipo.

#4 Mnyalu wa Ipogolo

Vijana wa Mwanjelwa kwa kasi hawajambo, jibu linatoka kabla swali halijaisha.

Mimi naunga mkono mleta uzi kuhusu uzito. Tuweke namba mezani, zote baada ya kubanwa kwa gzip: jQuery inacheza kwenye kilobaiti 30, axios ya sasa inazidi 10, ky ni chache tu, redaxios haifiki hata moja. Redaxios kaiandika Jason Miller, yuleyule wa Preact, na unfetch yake inazunguka baiti 500. Watu wa mjini wenye faiba wanaona hizi ni chembe. Simu ya karani ina RAM ya GB 1, imejaa picha na vikundi vya WhatsApp. Kila kilobaiti ya JavaScript lazima ishushwe, isomwe, ichambuliwe na kuendeshwa na kiprosesa dhaifu. Punguza axios, halafu ukimaliza angalia na laibrari ya tarehe, kama umeweka. Hapo naamini ndiko kwenye uzito mwingi zaidi.

#5 Dada wa Mufindi

Kamwene. Namba za #4 ziko sawa, ila hazijibu kilichoulizwa. Faili la axios linashushwa mara ya kwanza, kisha linakaa kwenye keshi, yaani hifadhi ya muda ya brauza. Karani akibonyeza Hifadhi saa tisa alasiri, axios haishushwi tena. Kinachosafiri ni namba ya mkulima, kilo na heda (maelezo mafupi yanayoambatana na ombi). Uzito wa laibrari unaweza kueleza kwa nini ukurasa unachelewa kufunguka asubuhi. Hauwezi kueleza kilo 86.5 mara mbili.

Mimi nasema hivi: ombi la kwanza lilifika, seva ikaandika, jibu likapotea njiani. Karani hakuona kitu, akabonyeza tena. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani akanunua chumvi lakini amechelewa kurudi, ukamtuma wa pili. Utapata pakiti mbili, na hakuna mtoto mwenye kosa.

Ukibadilisha axios kwa ky au kwa fetch, jibu litaendelea kupotea vilevile. Rekebisha seva itambue kuwa ombi hili imeshalipokea.

#6 Kijana wa Mwanjelwa

#3 nimekuelewa, asante kwa sahihisho.

#5 dada, mbona rahisi. Zima kitufe akishabonyeza mara moja. Hawezi kubonyeza tena, mambo yameisha.

#7 Dada wa Mufindi

Kitufe kizimwe, sawa, ni jambo jema. Lakini karani anayeona kiduara dakika nzima huku mkulima kasimama mbele yake na wengine wanne nyuma, anafunga ukurasa na kuufungua upya. Kitufe kinarudi kikiwa kizima. Nimekaa na makarani wa majani mabichi ya chai, nimewaona wakifanya hivyo kwa vidole vyao. Hawana kosa, watu wanasubiri na mvua inatishia.

#8 Koti Zito (Njombe)

Hakuna aliyetaja muda wa kusubiri, na mimi naona ndiyo kiini. Axios usipoiambia, muda wake ni 0, maana yake inasubiri bila kikomo chake yenyewe. Fetch nayo haina kikomo cha kwake. Karani anaangalia kiduara mpaka brauza au mtandao vikate vyenyewe, na hizo zinaweza kuwa dakika kadhaa. Ky inakuja na sekunde 10 tayari, halafu inajaribu tena yenyewe mara mbili, na seva ikituma heda ya Retry-After inaiheshimu. Kwa hiyo mimi nahamia ky, na sababu ni tabia yake hiyo, kilobaiti sizihesabu hapo.

Kama hutaki laibrari, brauza za kuanzia 2022 zina AbortSignal.timeout, unaipachika kwenye fetch na kazi imekwisha.

#9 Seva Imelala (Iringa)

#8 angalia vizuri kipengele cha kujaribu tena. Ky kwa kawaida hairudii POST, yaani ombi la kuandika kitu kipya. Inarudia GET, PUT, HEAD, DELETE na wenzake, POST imeachwa nje makusudi, kwa sababu hiihii anayolia nayo mleta uzi. Na zile sekunde 10 kwa Kandete zinaweza kuongeza tatizo: seva imeshaandika, jibu liko njiani, ky inakata kwenye sekunde ya 10, karani anaona kosa, anabonyeza tena. Kukata ombi upande wa simu hakufuti kilichokwisha kuandikwa kwenye hifadhidata. Akihamia ky bila kugusa seva, nahofia mizigo pacha itaongezeka.

#10 Baridi ya Makete

Kamwene wote. Kwanza sahihisho dogo kwa mleta uzi: Busokelo ni halmashauri, wilaya ni Rungwe. Kandete iko huko.

Sasa niseme ya mtandao wenyewe, maana mnabishana laibrari wakati ombi halijatoka hata kwenye simu. Kwenye 3G, simu isipotumia data kwa muda, redio yake inashushwa ili kuokoa betri. Ukibonyeza kitu inabidi ipande kwanza, na hapo sekunde moja au mbili zinaondoka kabla baiti ya kwanza haijaenda. Kazi ya karani wa mizani ndivyo ilivyo: anapima, anaandika, kimya dakika tatu, anabonyeza. Kila mara anaikuta redio imelala. Wewe ukijaribu mjini unabonyeza mfululizo, redio iko macho, unaona mfumo unaruka.

Ongeza mabonde. Huku kwetu ukipanda kwenda Kitulo unaona 4G, ukishuka kona moja inakuwa E (EDGE, ile ya 2G), kona ya pili hakuna kitu. Simu inapohama namna hiyo muunganisho unaweza kufa bila upande wowote kuambiwa. Seva inadhani simu ipo, simu inadhani seva inajibu.

Na usiiamini navigator.onLine, ile alama ya brauza ya kusema uko hewani au la. Inaweza kukwambia uko hewani kwa sababu tu simu imeshika mtandao, hata kama data haipiti.

#11 Kreti Sita (Tukuyu)

Asanteni sana, na asante kwa sahihisho la wilaya. #5 maelezo yako yameniingia.

Leo nilikuwa Kandete na kompyuta ndogo, nikaunganisha simu ya karani kwa waya, nikafungua sehemu ya Network ya Chrome. Nikibonyeza Hifadhi naona mistari miwili. Wa kwanza ni OPTIONS, sekunde 6.2. Baada yake ndipo POST, ukakaa "pending" kwa sekunde 19, halafu ukapita. Mara nyingine OPTIONS yenyewe inakwama, POST haionekani kabisa. Ukurasa upo kwenye domeini kuu, API ipo kwenye sabudomeini yake. Tokeni ya karani (alama ya kumtambulisha kwa seva) inakwenda kwenye heda ya Authorization. Hiyo OPTIONS sijaiandika popote. Ni axios inayoileta?

#12 Mwalimu wa Vwawa

Hiyo haiji na axios. Ni brauza yenyewe inaomba ruhusa kabla ya kutuma, kwa sababu ukurasa na API (mlango wa seva unaopokea maombi) viko asili mbili tofauti, yaani anwani mbili tofauti za wavuti. Sabudomeini inahesabiwa kuwa asili nyingine. Ukituma JSON kwa asili nyingine, au ukiweka heda ya Authorization, brauza lazima ibishe hodi kwa OPTIONS kwanza. Aina za mwili zinazopita bila hodi ni tatu tu: text/plain, fomu ya kawaida na multipart. Weka axios, weka ky, weka fetch tupu, hodi ni ileile.

Sasa hesabu safari. Kutoka huku hadi seva ya Ulaya, kwenda na kurudi mara nyingi kunazidi milisekunde 150 hata kwenye mtandao mzuri. Muunganisho mpya unataka safari ya TCP (kufungua mawasiliano), kisha ya TLS (kuyafunga kwa siri). TLS 1.3 ya mwaka 2018 inatumia moja, 1.2 inatumia mbili. Kisha OPTIONS, kisha POST. Kwenye E safari moja inaweza kufika karibu sekunde nzima au zaidi. Hapo ndipo sekunde zako zinapoliwa. Wepesi ninaoutafuta mimi kwenye mtandao wa huku ni wa kupunguza safari, baiti za faili nazifikiria baadaye.

Dawa ya haraka: seva irudishe Access-Control-Max-Age. Usipoiweka, brauza inakumbuka ruhusa kwa sekunde 5 tu. Chrome inakubali mpaka 7200, yaani saa mbili. Firefox inakubali mpaka 86400. Dawa ya kudumu ni kuipeleka API chini ya domeini ileile, nginx (programu ya seva inayopokea na kugawa maombi) igawe kwa njia ya /api. Hodi inaondoka kabisa.

#13 Mnyalu wa Ipogolo

Mwalimu umeeleza vizuri, lakini bado siachi hoja yangu. Ukurasa ukifunguliwa upya baada ya keshi kufutwa, na simu zilizojaa zinafuta keshi zenyewe, faili lote linashushwa tena kwenye hiyohiyo E. Karani anayefungua upya, kama alivyosema dada #7, anaweza kurudi kwenye uzito huo. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

#14 Mbao Mafinga

Nafuatilia, mimi nina mfumo wa kupokea magogo, shida zinafanana. Swali la pembeni, parachichi huko Rungwe kilo inakwendaje msimu huu? Huku wamepanda wengi hadi shamba la miti limefyekwa.

#15 Kijana wa Mwanjelwa

Bei fungua uzi wake mkuu, hapa tumebanana na HTTP.

Mwalimu, hii habari ya hodi na asili ni usumbufu tu. Google walipoleta XMLHttpRequest (njia ya zamani ya brauza kutuma maombi) na Gmail mambo yalikuwa mepesi, unatuma unapokea.

#16 Mwalimu wa Vwawa

Hapana kijana, Google waliitumia, hawakuileta. Ilianzia Microsoft, kwa ajili ya Outlook ya kwenye wavuti, ikaingia Internet Explorer 5 mwaka 1999. Jina la Ajax kwa mtindo huo likaja 2005, kutoka kwa Jesse James Garrett. Na siku hizo ilikuwa nyepesi kwa sababu iliruhusiwa kuongea na asili yake tu. Ukitaka kuongea na domeini nyingine ilikuwa unakataliwa kabisa. Hodi unayoilalamikia ndiyo iliyofungua mlango huo.

Fetch iliingia Chrome 42 mwaka 2015, brauza ya Safari ya Apple ikaichukua 2017. Axios ilikuwapo tangu 2014, ndiyo maana kwenye brauza ilijengwa juu ya XMLHttpRequest na kwa kawaida inaitumia mpaka leo. Kuna faida moja hapo ambayo wanaokimbilia fetch wanaisahau: XMLHttpRequest inakuonyesha asilimia ya kupakia. Ukiwa na karani anayetuma picha ya risiti kwenye mtandao wa E, kumwonyesha 40%, 60% kunamtuliza asibonyeze tena. Fetch haina kitu cha namna hiyo cha kutegemea kwenye brauza zote.

#17 Fundi Kabwe (Mbeya)

Mimi ni fundi simu, JavaScript nimejifunza usiku usiku, naomba nichangie upande wa simu.

Mleta uzi, kagua saa ya simu ya karani. Simu za zamani betri ikiisha kabisa au ikichomolewa, saa inarudi nyuma miaka. Nimeshika mezani kwangu simu iliyokuwa inaonyesha 1 Januari 2015 na mwenyewe analalamika mtandao mbovu. Saa ikiwa hivyo, cheti cha usalama cha seva kinaonekana bado hakijaanza kutumika, brauza inakataa. Kama ukurasa wako umewekwa kwenye simu na una service worker (msimbo unaouhifadhi ukurasa kwenye simu), utafunguka vizuri kutoka kwenye keshi, karani ataandika kila kitu, ila ombi likienda axios itasema "Network Error". Maneno hayohayo inayasema mtandao ukikatika, hivyo huwezi kujua.

Jambo la pili ni Android ya chini ya 7.1.1. Orodha yake ya vyeti haina mzizi mpya (cheti mama) wa Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, unaoitwa ISRG Root X1. Kulikuwa na sahihi ya kuvusha kutoka mzizi wa zamani, nayo ilikwisha 30 Septemba 2024. Chrome ya zamani kwenye simu hizo inategemea orodha ya simu. Firefox inabeba orodha yake. Kwa hiyo jaribio ni rahisi: simu ileile, laini ileile, fungua API kwa Chrome halafu kwa Firefox. Firefox ikipita na Chrome ikagoma, usimsumbue mtu wa mtandao.

#18 Seva Imelala (Iringa)

Fundi, hii ni nondo, sikuwa nimeifikiria. Lakini inaeleza kugoma, haielezi kuingia mara mbili. Cheti kikikataliwa POST haifiki kabisa. Naona mleta uzi ana simu zenye matatizo tofauti na ameyaweka kwenye fungu moja.

Niongeze dhana nyingine ili isisahaulike: kuna brauza ambazo zikikuta muunganisho wa zamani umekatwa wakati zinatuma, zinafungua mpya na kutuma ombi tena zenyewe, bila JavaScript kujua. Kama axios imetuma mara moja na seva imepokea mara mbili ndani ya sekunde chache, mtazame huyo. Ila sekunde 41 ni nyingi mno, hapo namwona karani.

#19 Dada wa Mufindi

Ndiyo maana nasisitiza seva. Awe karani, iwe brauza, iwe laibrari iliyorudia, seva haiwezi kutofautisha mpaka uipe alama. Fomu inapofunguka, simu itengeneze namba ya pekee, crypto.randomUUID inatosha kwenye Chrome 92 kwenda juu, mradi ukurasa uko kwenye HTTPS. Kwa simu za zamani tumia crypto.getRandomValues uiunde mwenyewe. Namba hiyo ihifadhiwe kwenye simu pamoja na kilo, isifutwe mpaka seva ijibu, hata ukurasa ukifunguliwa upya. Kwenye PostgreSQL weka safu ya UNIQUE (isiyokubali thamani kujirudia), na uandike ON CONFLICT DO NOTHING. Ombi la pili likija na namba ileile, seva inajibu "ninao huu", haiandiki.

#20 Mbao Mafinga

Mimi nimefanya kwa njia fupi. UNIQUE iko kwenye namba ya mtu, tarehe na ujazo. Ikijirudia inakataa. Hakuna haja ya namba za ajabu.

#21 Dada wa Mufindi

Kaka, magogo yako sijui, ila kwa chai au parachichi hapo utamuumiza mtu. Mkulima anachuma asubuhi, analeta kilo 30. Jioni analeta tena kilo 30. Kreti zinajazwa kwa kipimo kilekile, uzito kufanana ni kawaida kabisa. Mfumo wako utamwambia karani kuwa mzigo wa jioni umeshaingia, na karani ataamini simu. Kilo 30 za mama wa watu zimekwenda. Namba ya pekee inatambua tendo la kupima, haijali kilo zimefanana au la. Naomba sana usilipeleke hilo kwa wakulima.

#22 Mbao Mafinga

Nimekusoma dada. Kwangu gogo lina namba yake ya rangi, hayafanani, ila kwa mazao una haki.

#23 Koti Zito (Njombe)

Nimefikiri juu ya #9 na #19 nikapata njia inayotumia vyote viwili. Badala ya POST, tuma PUT kwenda /mapokezi/ ikifuatiwa na ile namba ya pekee. Kwa kanuni za HTTP, PUT ikirudiwa matokeo ni yaleyale, na ky inairudia PUT yenyewe bila kuongezwa kitu. Weka muda sekunde 45. Laibrari nyepesi, mizigo pacha hakuna, karani hajui kama kuna kilichorudiwa. Hapo ky inamshinda axios kwa mbali, kwani axios kurudia inabidi uandike mwenyewe au uongeze kifurushi kingine.

#24 Mwalimu wa Vwawa

Ni njia nzuri, ila kwa jinsi API yake ilivyo sasa haitaondoa hodi. PUT kwenda asili nyingine lazima itanguliwe na OPTIONS. Na ile kumbukumbu ya Access-Control-Max-Age inatunzwa kwa kila anwani peke yake. Kila mzigo ukiwa na anwani yake mpya, kumbukumbu haisaidii kitu, kila kilo italipa hodi yake. POST ya anwani moja ingelipa mara moja kwa saa mbili. Kwa hiyo kwanza ahamishie API kwenye domeini moja, ndipo ahamie PUT. Akigeuza mpangilio huo, Kandete itabaki taratibu kama leo.

#25 Baridi ya Makete

Nyote mnadhani karani lazima asubiri jibu. Kwa nini? Andika kilo kwenye IndexedDB ya simu (hifadhi ya data iliyo ndani ya brauza), mwambie karani "Imepokelewa kwenye simu", aendelee na mkulima anayefuata. Foleni itatuma yenyewe mtandao ukitulia. Chrome ina Background Sync inayoweza kutuma hata ukurasa ukifungwa. Firefox na Safari hawana, huko utatuma ukurasa ukifunguliwa. Ukifanya hivi, laibrari gani unatumia inakuwa jambo dogo kabisa.

#26 Seva Imelala (Iringa)

Foleni naipenda, ila mkulima anataka risiti papo hapo. Na simu ikipotea au ikafutwa kabla foleni haijatuma, mzigo wa siku nzima umekwenda nayo. Hilo ni uamuzi wa chama na wakulima wake, mtengeneza mfumo asiliamue peke yake.

#27 Kreti Sita (Tukuyu)

Wakuu, mrejesho.

Nimeweka namba ya pekee na UNIQUE kama alivyosema dada #19, nimehamishia API kwenye /api. OPTIONS zimeondoka. Leo Kandete hakuna mzigo ulioandikwa mara mbili, na kwenye logi naona namba ileile ikifika mara mbili na kukataliwa vizuri. Axios bado ipo, nimeiwekea muda wa sekunde 45.

Lakini kugoma hakujaisha. Mchana simu moja imekataa kabisa, "Network Error" mfululizo, wakati karani wa pembeni yake mwenye laini ya kampuni ileile anatuma. Jioni ikaanza kutuma yenyewe. Saa yake iko sahihi, nimeiangalia mwenyewe.

#28 Fundi Kabwe (Mbeya)

Leta orodha ya simu na toleo la Android la kila moja. Na ile ya mchana ulijaribu Firefox?

#29 Kreti Sita (Tukuyu)

Ya kwanza Android 6, ya pili 10, ya tatu 12. Iliyogoma mchana ni ya tatu, ile mpya. Ya Android 6 nayo haitumi kwa Chrome tangu wiki iliyopita, kwa Firefox inatuma.

#30 Fundi Kabwe (Mbeya)

Basi ya Android 6 ni cheti, mwekee karani Firefox leo hii. Ya Android 12 cheti hakihusiki, ingekataa na jioni. Angalia kama ina laini mbili na data iliwekwa kwenye laini ipi mchana, na kama hali ya kuokoa betri ilikuwa imewashwa.

#31 Baridi ya Makete

Au ilikuwa imeshika mnara wa upande wa pili wa bonde. Zima data uwashe tena palepale inapogoma, ikipita mara moja basi ni mnara.

#32 Mnyalu wa Ipogolo

Na ukiwa hapo, tupe ukubwa wa faili lote la JavaScript baada ya kubanwa. Bado hujalitaja tangu uzi uanze.